Taifa Linalofundisha Waya kwa Chaki

Katika somo la fizikia la shule zetu za sekondari limo swali moja dogo lenye uzito mkubwa: ni mambo gani yanayoathiri ukinzani wa waya? Jibu lake latosha katika mistari miwili. Ukinzani huongezeka kadiri waya unavyorefuka, hupungua kadiri unavyonenepa, hutegemea metali iliyotumika, na hubadilika kwa joto. Mwanafunzi wa kidato cha nne wa Masasi au Newala anaweza kuyakariri haya yote, tena kwa Kiingereza, na kupewa alama zake. Wengi mno kati yao huyakariri na kuyaandika, kisha wakaondoka shuleni bila kuunyoosha waya mmoja, bila kuusoma mshale wa mita, bila kuiona tarakimu ikipanda mbele ya macho yao.

Tumezoea kuliita jambo hili upungufu wa elimu, na kwa kuliita hivyo tumelikabidhi kwa walimu na maofisa elimu wahangaike nalo. Mimi naliita jambo la kisiasa. Taifa linalomfundisha mtoto waya kwa chaki linajitengenezea raia asiyeweza kuuliza kwa nini taa ya nyumbani kwake inafifia. Na raia asiyeweza kuuliza ni raia mwepesi kutawaliwa.

Nimeichagua Masasi na Newala kwa sababu huko kanuni ya waya si nadharia. Masasi imekaa chini ya majabali yake. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo iliyoko Mtwara mjini inayoendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay. Barabara itokayo Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Umeme nao una safari ya namna hiyo, isipokuwa wenyewe hauendi kwa lori. Unakwenda kwa waya, na waya hutoza nauli.

Nauli hiyo inahesabika, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alipaswa kuiweza hesabu yake. Chukua waya wa alumini wenye eneo la mkato la milimita za mraba 100. Kilomita moja ya waya huo ina ukinzani wa takribani omu 0.28. Unyooshe kwa kilomita 150, na ukinzani wake unafika omu 42. Pitisha humo mkondo wa ampea 50, na volti 2,100 zinaishia njiani. Katika njia ya kilovolti 33, ambayo kila waya wake una takribani volti 19,000 ukilinganishwa na ardhi, hiyo ni zaidi ya sehemu moja katika kila kumi. Jioni watu wakirudi majumbani, mkondo ukawa maradufu, volti zinazopotea nazo zinakuwa maradufu, lakini nguvu inayoteketea kama joto la bure angani inakuwa mara nne. Tumia waya wenye nusu ya eneo hilo la mkato, na hasara yote izidishe mara mbili.

Hizi ni tarakimu za mfano, si vipimo vya njia yoyote mahususi. Thamani yake ni kwamba zinamwonyesha raia maswali ya kuuliza. Waya unaonifikia mimi ni wa metali gani? Una unene gani? Umetoka umbali gani? Unabeba mzigo kiasi gani saa moja usiku? Maswali haya yana majibu, na majibu yamo katika ofisi za umma. Anayeyajua anaweza kukaa mbele ya meneja wa shirika, diwani au mbunge, akazungumza naye kama mtu mzima na mtu mzima. Asiyeyajua anabaki na msamiati wa kulalamika: umeme mdogo, umeme umekatika, umeme umerudi.

Msiseme kwamba taa kufifia ni jambo dogo. Uwanda wa Makonde ni nchi ya juu isiyo na mito. Mvua ikinyesha huzama katika mchanga wake na kutokea mabondeni. Tangu ukoloni, maji ya watu wa Newala na Tandahimba yamekuwa yakisukumwa kutoka chini, kwenye vyanzo kama Mitema, kupandishwa uwandani. Pampu ikisimama, ndoo zinapanga foleni, na tunajua ni nani anayebeba ndoo hizo. Mota yenye mzigo ikipata volteji pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi ili iendelee kuubeba mzigo uleule. Koili zake hupata joto. Na ukinzani wa shaba hupanda kwa takribani asilimia 4 kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za joto. Mwishowe koili huungua. Mwenye mashine ya kusaga huenda kuisuka upya kwa fedha yake, akisema ni bahati mbaya. Kumbe ni ile sura ya kitabu cha fizikia ambayo mwanawe aliikariri wiki iliyopita, na hakuna aliyewaambia wote wawili kwamba habari ni moja.

Hapa ndipo siasa inapojitokeza waziwazi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Nguvu za dola zikatumika, na damu ikamwagika. Mwaka 2015 bomba likazinduliwa: kipenyo cha inchi 36, urefu wa takribani kilomita 500. Sina nia ya kufufua hapa mjadala wote wa gesi. Nataka tukumbuke jambo moja tu. Katika mjadala ule wananchi wa Kusini waliambiwa tena na tena kwamba hawajaelewa, kwamba wanahitaji kuelimishwa. Naam, waelimishwe! Lakini elimu ya kweli ingewapa kipimo cha kulinganisha bomba nene linalotoka kwao na waya unaowaendea. Elimu hiyo haikutolewa, na sioni dalili kwamba waliowataka waelimike walikuwa na haraka nayo.

Watetezi wa hali iliyopo watanijibu kwamba maabara zimejengwa. Ni kweli, zimejengwa. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Muda wa mwisho ukawekwa Novemba 2014, kisha ukasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichangishwa kwa hiari na kwa lazima. Wakuu wa wilaya walipimwa kwa idadi ya kuta zilizosimama. Katika wilaya za korosho, mkulima ambaye tayari hukatwa ushuru katika kila kilo anayoipeleka ghalani alitakiwa kutoa tena. Agizo lilikuwa jema kwa nia yake. Lakini tazameni lilihesabu nini. Lilihesabu vyumba. Halikuhesabu ni wanafunzi wangapi wamepima kitu humo ndani. Ripoti ya utekelezaji ilijaa asilimia za kuezeka na kupiga lipu, na taifa likapiga makofi kana kwamba paa la bati ndilo linalofundisha fizikia.

Watasema pia kwamba vifaa ni ghali. Dai hili lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima. Kanuni tunayoifundisha ina jina la Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne, Ujerumani, alipofanya majaribio yake. Alitumia nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130, na chanzo chake cha umeme kiliendeshwa kwa tofauti ya joto kati ya maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka. Alichapisha kitabu chake mwaka 1827, nchini mwake kikapokewa kwa ubaridi, na heshima kubwa ikamfikia mwaka 1841 kutoka London. Mwalimu wa sekondari, nyaya nane, maji ya moto na barafu: hayo ndiyo yaliyoleta kanuni ambayo sisi, miaka karibu 200 baadaye, tunasema haiwezi kuonyeshwa bila zabuni ya mamilioni.

Katika duka lolote la vifaa vya ujenzi Masasi mjini unauzwa waya wa kufungia nondo. Huo ni waya wa chuma, na chuma hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba mara kadhaa, jambo ambalo kwa jaribio hili ni baraka. Mwanafunzi anyooshe mita 10 uwanjani, asugue ncha kwa msasa ili kutu isimdanganye, apime kwa mita ile ambayo kila fundi redio anayo. Kisha mita 20, kisha mita 40. Atoe kila mara ukinzani mdogo wa nyaya za mita yenyewe. Atapata omu chache, lakini atauona uwiano: urefu maradufu, ukinzani maradufu. Asokote nyaya mbili zilingane urefu, zishikane ncha kwa ncha, apime tena. Ukinzani utakaribia nusu, na hapo ameuona unene. Alinganishe na waya wa shaba wenye kipenyo kilekile na urefu uleule; hapo ameiona metali. Mwisho auzungushe ule wa chuma kwenye kigae, mizunguko isigusane, aushike kwa koleo juu ya jiko la mkaa. Tarakimu itapanda kadiri waya unavyopata moto, na itashuka unapopoa. Mambo manne, asubuhi moja, gharama isiyofika bei ya posho ya kikao kimoja.

Kwa nini basi hayafanyiki kila mahali? Msiwatupie walimu lawama. Mwalimu wa fizikia wa shule ya kata mara nyingi ni mmoja kwa vidato vyote vinne, pengine anafundisha na hesabu, na madarasa yake yamefurika. Anapimwa kwa kitu kimoja: matokeo ya Baraza la Mitihani. Mtihani ukimzawadia anayekumbuka maneno, mwalimu mwenye akili atafundisha maneno. Kwa miaka mingi tulikuwa hata na mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtoto aliulizwa kwa karatasi kuhusu jaribio asilolifanya: achore kifaa asichokigusa, akokotoe kutoka kwenye vipimo alivyopewa na mtu asiyemjua. Fikirini maana ya kumzoesha kijana kwa miaka minne kwamba vipimo huletwa kutoka juu, na kazi yake ni kuvipokea, kuvipanga katika jedwali na kuchora mstari ulionyooka. Kisha tunashangaa kwamba akiwa mtu mzima anapokea takwimu za bajeti kwa utii uleule.

Mababu wa uwanda huu hawakufundisha hivyo. Mchongaji wa Kimakonde haufahamu mpingo kwa kuandikiwa ubaoni kwamba mpingo ni mgumu. Anaujua kwa tezo, kwa mkono, kwa kosa la leo linalosahihishwa kesho chini ya jicho la fundi. Maarifa yake yamepita katika kidole kabla ya kufika katika ulimi. Sisi tumegeuza njia: tumeanzia katika ulimi na hatukufika kidoleni kabisa.

Na ulimi wenyewe tumeufunga. Mtoto wa Newala huenda alianza maisha kwa Kimakonde, wa Masasi kwa Kimakua au Kiyao. Shule ya msingi ikampa Kiswahili, akakimudu, akahesabu kwacho, akaota kwacho. Alipofika kidato cha kwanza akaambiwa akiweke nje ya mlango wa darasa. Tume ya Rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, Serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, huku ikiuacha mlango wa Kiingereza wazi. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyohiyo likakirudisha Kiingereza katika kiti chake cha sekondari. Zaidi ya miaka 40 ya kusita, na kila kusita kuna kizazi kinacholipa.

Wanaosema Kiswahili hakina istilahi wafungue masikio. Ukinzani, mkondo, volteji, kipenyo, eneo la mkato: maneno hayo yapo, na nimeyatumia katika makala haya bila kumkwaza msomaji. Zaidi ya hayo, kila aliyewahi kuingia darasani anajua kinachotendeka: mwalimu hueleza kwa Kiswahili ili aeleweke, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza ili mtihani ufauliwe. Mtoto anaelewa kwa lugha moja na kuhukumiwa kwa nyingine. Sikatai Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe vizuri, kama somo. Ninachokataa ni kukifanya lango la kuingilia katika waya. Mtoto anayejua kwamba waya mrefu unakinza zaidi, na anayeweza kulithibitisha hilo kwa mkono wake, ameijua fizikia, hata kama hajui kulitamka kwa lugha ya Steere; na ikumbukwe kwamba Askofu Edward Steere mwenyewe, aliyewaongoza wamisionari wa kwanza wa Kianglikana kufika Masasi mwaka 1876, aliona ulazima wa kujifunza Kiswahili na kukiandikia kitabu cha sarufi kabla ya kutaka kueleweka na watu wa nchi hii.

Siku hizi umezuka utetezi mpya: tusihangaike na nyaya, watoto watatazama majaribio kwenye kompyuta. Kompyuta ni chombo kizuri, lakini waya wa kwenye kioo hauna kutu. Ncha zake hazilegei, betri zake hazichoki, na vipimo vyake havitofautiani kati ya kundi hili na lile. Somo kuu la jaribio limo katika tofauti hizo. Makundi mawili yakipata majibu mawili, yanalazimika kuulizana: nani kapima vibaya, tutajuaje, turudie vipi? Huko kuulizana bila kugombana, na kukubali kushindwa na kipimo badala ya cheo, ndiko tunakokutafuta katika mabaraza ya madiwani na katika Bunge. Kunaanzia hapo, kwenye meza yenye waya wa chuma.

Ninapendekeza nini? Kwanza, Wizara na Tamisemi ziache kuhesabu vyumba na zianze kuhesabu vipimo: kila shule itoe kila muhula orodha ya majaribio yaliyofanywa na wanafunzi wenyewe, na mkaguzi ayakague madaftari yao, si milango ya maabara. Pili, Baraza la Mitihani lizipe alama halisi kazi za vitendo zinazofanywa mwaka mzima, ili jaribio lisiwe tambiko la wiki moja kabla ya mtihani. Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Karatasi iwe kwa lugha mbili, naye achague.

Nne, na hili linawahusu ninyi wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma mnaosoma hapa: kila sekondari ya Masasi na Newala yenye umeme ipewe mita moja. Chini ya usimamizi wa mwalimu, ipimwe volteji ya shule asubuhi, mchana na saa moja usiku, kila siku, kwa mwaka mzima. Volteji inayotakiwa ni 230. Tarakimu zibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na za kata. TANESCO nayo itangaze urefu, metali na unene wa njia zake pamoja na hasara ya kila njia. Upo mradi wa kuziunganisha wilaya hizi na gridi kwa njia ya kilovolti 220 kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Mwanafunzi aliyepima ataweza kuwaeleza wazazi wake faida yake: kwa nguvu ileile na waya uleule, kupandisha volteji kutoka 33 hadi 220 kunapunguza mkondo zaidi ya mara 6, na hasara ya njiani zaidi ya mara 40. Ataweza pia kuona, kwa daftari lake, iwapo ahadi imefika sebuleni kwao au imeishia njiani.

Najua kuna ofisa atakayesema kwamba huku ni kuingiza siasa shuleni. Siasa iliingia shuleni siku ilipoamuliwa kwamba mtoto wa Newala atapewa jibu la waya na kunyimwa waya wenyewe. Lugha yetu imeyaweka maneno mawili karibu sana, ukinzani na upinzani, na watawala wetu wameonekana kuyaogopa yote mawili. Hawana sababu. Waya usio na ukinzani hauwashi balbu wala haupashi pasi moto. Umeme hupita humo bila kufanya kazi yoyote. Wananchi nao ni hivyo. Mamlaka yakipita juu yao bila kukutana na swali hata moja, msitarajie mwanga.